Mshenga Kwenye Ofisi ya Chuo

Mume wangu Melchior hawezi kuomba hata kiberiti kwa jirani bila hotuba. Hapa Malvern, Johannesburg, anashona suruali, lakini kazi anayoipenda ni ushenga. Hakuna Mrundi wa Jules Street aliyeoa bila Melchior kusimama na fimbo, kukohoa mara tatu, na kusifia kwa nusu saa ng'ombe ambao hakuna aliyewahi kuwaona, kabla ya kumtaja binti. Sisi ni Watwa. Kwetu Burundi Mtwa hakupewa neno kwenye harusi ya wengine. Alipewa sahani yake pembeni. Huku amepewa neno, na kulirudisha hataki.

Kijana wa Kitwa akija Johannesburg kusoma, anafikia kwetu. Melchior humfundisha kuvuka robot, yaani taa za barabarani, kusimama mbele ya watu, na kutaja ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Mwaka 2011 akaja Belyse, aliyesoma sekondari Kigoma, akitaka ufundi umeme. Chuo kimoja kilikuwa kimebakiwa na nafasi moja tu, kikamwita kwenye usaili.

"Nitakusemea," Melchior akamwambia. "Mtoto hajiposei."

"Baba, huu ni usaili."

"Eish, ndiyo. Wewe utatafsiri."

Tukaenda, yeye na fimbo, mimi na kreti ya soda kichwani, maana kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu. Mlinzi wa getini akataka kununua mbili.

Ofisini tulimkuta mama mmoja wa Kizulu mwenye miwani. Akamuuliza Belyse kwa nini anataka umeme. Melchior akasimama, akakohoa mara tatu.

"Sisi ni wapita njia. Ng'ombe wetu wameona majani mazuri uani kwenu..."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nafasi moja, na huyu mtu yuko kwenye ng'ombe!

Belyse akatafsiri. Mimi nauza nyanya, Kiingereza nakisikia, na ng'ombe hawakuwemo. Alieleza jinsi alivyozipanga upya nyaya za chumba chetu, ambamo umeme ulikuwa ukikatika kila nikichemsha maharage. Melchior alitikisa kichwa kwa kuridhika, akiamini ng'ombe wake wamefika salama.

Yule mama akauliza tena, akaandika, akafunga faili. "Nafasi ni yako," akamwambia Belyse kwa Kiingereza. "Mwambie mzee anaweza kuketi."

Belyse hakumwambia. Akainama karibu na meza. "Samahani, mama. Kwetu sisi hatupewi neno. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema. Naomba aachwe amalize."

Yule mama akavua miwani, akafungua soda, akaegemea kiti.

Melchior alimaliza baada ya dakika ishirini na tano. Mimi nililia tangu ng'ombe wa pili. Mpaka leo anawasimulia watu wa Malvern kwamba ofisi nzima ilinyamaza ikimsikiliza, na safari hii hajatia chumvi.