Mashine Zisizo na Mlango

Mashine ninazozitunza siku hizi haziingiliki. Zipo nchi ya mbali, kwenye klaudi, yaani mashine za kukodi kwa njia ya mtandao, nane siku za kawaida na kumi na mbili bandari ikichangamka, na hata mimi ninayezisimamia siwezi kuingia ndani nikatazama kulikoni. Hazina pa kuandikia amri. Ikiharibika moja haitengenezwi. Inatupwa, inazaliwa nyingine. Mimi ndiye niliyezichagua, nilichagua sawasawa, na kesho ningechagua hivyohivyo. Lakini zile za zamani nazikumbuka kama mtu anavyoikumbuka nyumba ya kupanga alimolelewa, yenye choo cha nje na majirani wambea. Na zaidi ya hizo namkumbuka aliyenifundisha kuziingia, ingawa bado yupo, anakaa meza ya tatu kutoka kwangu.

Sote tulimwita Ticha. Ni mtu wa Masasi, mtoto wa mchonga vinyago, amenizidi miaka kama kumi na mitano. Nilimkuta Tandika mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiwa binti wa nyumbani nasubiri matokeo na kumchosha mama. Alikuwa na chumba cha intaneti nyuma ya duka la vitenge: komputa sita, nne zikiwa hai siku ikiwa njema. Nilikwenda kuandika barua ya kuomba kazi. Nikakaa mwaka mzima.

Alinianzisha kwenye komputa mbovu kuliko zote. Akanipa CD ya mfumo wa bure, ile mifumo isiyohitaji leseni, akasema: “Usibonyeze kitu. Kila mstari unaopita hapo, usome kwa sauti.” Nikasoma. Wateja waliokuja kuperuzi walidhani nahifadhi juzuu. Umeme ukikatika katikati, tulianza upya bismillah, na umeme wa wakati ule ulikuwa na kiburi chake. Jirani alikaanga vitumbua, mafuta yalitufikia mpaka kwenye kibodi. Nikikosea, Ticha hakunipigia kelele. Alisema tu, “Mdogo wangu, umesoma au umetazama?” Swali hilo liliniudhi kuliko kofi. Ningetoa chochote leo niulizwe tena.

Miaka ikapita, nikasoma chuo, nikazunguka na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki mpaka bahasha ikachoka. Ticha ndiye aliyenipigia simu. Chumba cha Tandika kilishakufa, simu za mkononi zilikiua, na yeye alikuwa amepata kazi Mikocheni, kwenye kampuni ndogo iliyo juu ya karakana ya magodoro. Vipande vya sponji vilipeperuka mpaka kwenye chai yetu. Kazi yenyewe ilikuwa mfumo wa zamu za malori: wakala wa forodha kule Kurasini anaandikisha mzigo wake, mfumo unampangia dereva saa ya kuingia yadi, dereva anapata meseji. Kabla ya hapo malori yalipanga foleni tangu alfajiri na mwenye nguvu ndiye aliyeingia.

Programu zetu tulizifungasha kwenye makontena. Si yale ya chuma ya Kurasini. Ni vifurushi vya programu, kila kimoja na mahitaji yake ndani. Mashine zinazovibeba ndizo tunazoziita nodi. Na kila nodi huzaliwa kutokana na picha ya mfumo, nakala moja ambayo mashine zote zinatolewa humo, kama matofali ya Mbagala yanavyotoka kwenye kalibu moja. Ukililainisha tofali moja kwa mkono, kalibu haijui. Hilo nililijua kwa kitabu. Sikulitia moyoni.

Wiki ya kwanza ya mfumo, madereva walikuja saa zisizo zao. Meseji ziliandika saa kwa mtindo wa mashine: 10:00, yaani saa nne asubuhi. Dereva gani wa Temeke atasoma kumi akaelewa nne? Walikuja saa kumi jioni, wametulia, wamekula na kulala. Simu zikawaka. Ticha akacheka mpaka machozi, kisha akaingia kwenye nodi moja baada ya nyingine na kuzibadilishia saa. Aliziambia kwamba ziko Amerika ya Kusini, saa sita nyuma yetu. Huko jua likichomoza kwetu saa yao husoma usiku wa manane, sufuri kabisa. Saa moja yetu ya asubuhi ni moja yao. Basi mashine zetu zikawa zinahesabu saa kama bibi yangu.

Nilimpenda kwa hilo. Mama mmoja wakala wa Kurasini, mteja wetu wa kwanza kabisa, akipiga simu, “Mwanangu, mfumo umekwama tangu saa tatu,” nilifungua kumbukumbu za mashine nikaikuta tatu yake pale pale, sikuhitaji kujumlisha wala kutoa. Ticha alijua fika kwamba jambo lile mahali pake ni ndani ya programu, si kwenye mashine. Alisema, “Kesho tutaliweka sawa.” Kesho hiyo ilidumu miaka mitatu. Kila nodi mpya ilipoongezwa, aliingia mwenyewe akaibadilishia saa, akatoka, akanywa chai. Ikawa mila ya ofisi. Hakuna aliyeiandika popote.

Asubuhi moja meli ziliingia kwa mkupuo, maombi yakafurika, na klasta, yaani kundi zima la nodi, ikafanya tuliyoifundisha kufanya: ikajiongezea nodi mbili bila kumuuliza mtu. Ticha alikuwa kwenye msiba Kiwalani. Mimi nilikuwepo, nikaziona zikizaliwa, nikafurahi jinsi mfumo ulivyo na akili. Kuhusu saa, sikukumbuka kabisa. Nodi mbili zile zikaanza kutuma meseji kwa saa za mashine, nyingine sita zikaendelea na saa za bibi. Malori ya saa nne yakaambiwa kumi. Ya saa mbili yakaambiwa nane. Na safari hii madereva walishatuzoea, hakuna aliyetilia shaka.

Kufika jioni, geti la yadi lilikuwa limeziba kama koo la mtu aliyemeza mwiba. Yule mama wa Kurasini, malori yake matatu yalifungiwa nje, na mteja wake aliyekuwa akisubiri mashine za hospitali akaondoka na wakala mwingine. Alinipigia. Hakutukana, nami nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

“Mwanangu,” alisema, “mie nimewatetea nyie kwa watu. Leo mmeniaibisha.”

Siku ya pili mkurugenzi wetu, kijana wa rika langu, aliniita peke yangu. Picha ya mfumo tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa mwishoni mwa maisha yake hata hivyo. Waliotuuzia klaudi walishatuandikia kwamba karibuni haitapata tena marekebisho ya usalama. Lazima tuchague nyingine. “Chagua wewe,” alisema. “Ijumaa niletee karatasi. Ukishaamua, kaa na Ticha muelewane.”

Zilikuwa picha tatu. Ya kwanza ni toleo jipya la mfumo uleule tuliouzoea, ndugu wa ile CD ya Tandika, una kila kitu ndani: zana za kuhariri, za kupakua, za kuchungulia, mpaka michezo ukiitaka. Ya pili ni ya wenye klaudi wenyewe, imepunguzwa, lakini mlango inao. Ya tatu imekatwa kila kisichohitajika kubeba makontena. Ni nyepesi, inaamka haraka, inabadilishwa nzima nzima toleo likija, na hakuna anayeingia: mwizi haingii, na fundi haingii. Nikaijaribu kwenye akaunti ya majaribio. Mara tatu kwa mazoea nilijaribu kuingia, mara tatu ikanikatalia. Nilikasirika, nikaifokea skrini kwa Kimatumbi cha baba yangu.

Lakini jibu lilikuwa wazi. Tatizo letu halikuwa nodi mbili zilizozaliwa na saa yao. Tatizo lilikuwa zile sita zilizoguswa kwa mkono. Nilipozichunguza nikakuta suala la saa ni dogo: hapa faili limerekebishwa, pale zana imeongezwa, hakuna nodi mbili zinazofanana, na siri ya kila moja imo kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa Kiwalani anazika. Picha ya tatu ingetulazimisha kuandika kila kitu panapostahili. Habari ya saa, nilipoihamishia ndani ya programu, ilikuwa mistari miwili. Miaka mitatu kwa mistari miwili.

Nikaandika karatasi. Nikaandika vizuri, maana aliyenifundisha kueleza jambo hatua kwa hatua ni yeye. Alhamisi Ticha alipita mezani kwangu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama nina chaja. Mara ya pili alisimama tu, akatazama dirishani wanavyopakia magodoro, akasema jua kali leo. Nikamwambia kweli, kali. Akaenda zake.

Nilijiambia namhurumia. Nilijiambia mtu mzima kama yule, aliyejenga jina lake kwa mikono yake, nitamwambiaje kwamba nimechagua kitu ambacho mikono haiingii? Uongo mtupu. Nilimdharau. Niliamini hataelewa, kwamba atang'ang'ania mfumo wa Tandika kwa mapenzi, na itanibidi nimshinde mbele ya watu. Ijumaa nikapeleka karatasi bila kumwambia neno.

Alisikia kwenye mkutano pamoja na wengine. Mkurugenzi alisoma, akanisifu, akamgeukia: “Ticha, mmeshaongea, siyo?”

Ticha akanitazama mara moja tu. “Tumeongea,” alisema. “Amechagua vizuri.” Kisha akachekesha watu: “Ila hiyo picha wameichonga mpaka wakaondoa na mikono. Mzee wangu angekasirika.” Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na aibu yangu imo kwenye kicheko kile mpaka leo.

Jumanne iliyofuata tulizihamisha. Nodi za zamani tulizifunga moja moja: unaizuia isipokee kazi mpya, unasubiri vifurushi vyake vihamie kwa wenzake, kisha unaifuta. Niliona vibaya kufuta peke yangu, nikamwomba asimamie. Alikaa pembeni, mikono kwapani, akiitikia “sawa” kila moja ilipoondoka. Ya mwisho ilipofutika alisimama akaenda kunawa. Kazi ilikwenda salama, hakuna lori hata moja lililochelewa, na mama wa Kurasini alituma meseji ya neno moja: Afadhali.

Jumapili nilikwenda kwake Kinyerezi kuomba radhi. Anakaa jirani na mitambo ya gesi inayowasha nusu ya nchi, na umeme wake unakatika kama wetu. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikamwamkia na mkewe. Wakanipa wali na kisamvu cha karanga. Kila nilipofungua mdomo kutaja kazi, Ticha aliniongezea mchuzi. “Leo Jumapili,” alisema. Tukaongea habari za korosho, za binti yake aliyeolewa Newala, za mguu wa mkewe. Alikuwa mwema kabisa, na wema ule ulinitisha.

Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa. Tulisimama kusubiri bajaji. Hapo ndipo nilipotoa langu.

“Ticha, nisamehe. Nilipaswa kukwambia kwanza.”

“Ulidhani nitakataa?”

“Ndiyo.”

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. “Mie ile picha niliisoma kabla yako. Toka barua ilipokuja. Nikaijaribu, ikanikatalia kuingia, nikaitukana, halafu nikaona, mh, hii ndiyo yenyewe. Ishu ya saa nimeifanya mie, najua nilichofanya. Ningekwambia chagua hiyohiyo.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Kazi umepewa wewe. Nianze kukupokonya? Nikawa nasubiri uje uulize. Tukae, tubishane kidogo kama tulivyokuwaga. Alhamisi nimekuja mezani kwako mara mbili.”

Bajaji ikasimama. Alimwelekeza dereva anipitishe njia isiyo na mashimo, akaniinulia pindo la kanga lisinase mlangoni, kama baba.

“Haya,” akasema, “ufike salama, bosi.”

Nilidhani ni utani. Nikamtazama usoni nitafute utani ulipo. Haukuwepo. Jumatatu aliniamkia kwa neno hilo, kwa upole, mbele ya watu. Nikimletea jambo ananisikiliza mpaka mwisho, anasema, “Wewe ndiye unayejua, bosi,” na siku hizi hanikosoi tena.