Kijiji Kilichosindikizana

Katika ukoo wa walimu, kitindamimba aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa hakuanza kusema kwa neno bali kwa mazungumzo. Mama yake, mjane aliyewasomesha wanawe wote na asiyetaka jina la nyumba liguswe hata na vumbi, akiulizwa binti anafanya kazi gani hujibu, "Mwandishi," kisha hubadilisha habari. Maana Chiriku aliandika maneno ya watu wa ndani ya mchezo wa kompyuta: si msafiri anayeongozwa na mchezaji, bali wanakijiji wanaojiendea wenyewe, muuza mafuta na mshonaji, wakipiga soga msafiri akipita.

Kazi ilimlewesha kwa furaha. Alisema kwa sauti za wazungumzaji wote wawili mezani, akijijibu na kujisuta, mpaka wenzake wakahamisha viti. Kila mwanakijiji alimpa maneno, na kanuni ya lini ayaseme. Kanuni moja aliiweka bila kuambiwa na mtu, kwa alivyolelewa: anayeaga, sharti asindikizwe mpaka mlangoni kwake.

Siku ya majaribio, bosi mwenyewe aliketi kucheza. Msafiri wake alihitaji mafuta ya taa ili aingie pangoni. Akamkuta muuza mafuta akitoka dukani na mshonaji.

"Ngoja nikusindikize, jirani," muuza mafuta akasema.

Wakafika kwa mshonaji. Muuza mafuta akaaga. Na kwa kuwa ameaga, mshonaji akasema, "Siwezi kukuacha urudi peke yako."

Wakarudi. Wakaenda tena. Msafiri nyuma yao, kibuyu mkononi, kama mtu anayefuata harusi asiyoalikwa. Mara ya saba ofisi nzima ilikuwa nyuma ya kiti cha bosi, mmoja amekaa chini kwa kucheka. Chiriku alicheka kuliko wote, mpaka bosi alipogeuka.

"Watu wako wana adabu, ila duka halina mtu. Saa tisa naangalia tena. Wakiwa bado njiani, kijiji nampa mwingine, waseme 'karibu' na 'kwaheri', basi."

Chiriku akarudi mezani kwake. Kuifuta kanuni ni dakika moja; lakini kijiji kisichosindikiza mtu angemwonyesha nani? Akampigia mama simu.

"Mama, mgeni husindikizwa mpaka wapi?"

"Nusu ya njia. Anayefika mpaka mlangoni ana umbea aliosahau kuusema."

"Na mwenyeji akikataa kurudi?"

"Mwambie sufuria yake iko motoni."

"Kama haiko?"

"Mwanangu, unaaga au unatoa ushahidi?"

Saa tisa bosi akaketi tena, na majirani wale wawili wakafika kisimani, katikati ya njia.

"Rudi, jirani," mshonaji akasema, "sufuria yako iko motoni."

"Yangu? Leo sijapika."

Wakatazamana.

"Basi itakuwa yangu," mshonaji akasema, akatimua mbio. Muuza mafuta akarudi dukani akiguna, na bosi, machozi ya kicheko mashavuni, akanunua mafuta mara tatu ingawa mara moja ilitosha. Kijiji kikabaki kwa Chiriku.

Jioni akamsimulia mama, ambaye kwanza aliuliza:

"Jina langu halimo?"

"Halimo."

"La marehemu baba yako?"

"Halimo, mama."

"Na huyo mshonaji anayesema maneno yangu, amevaaje?"

"Gauni limetoboka kiwikoni. Lakini mavazi ni kazi ya mchoraji, si yangu."

"Mshonaji. Gauni limetoboka," mama akasema polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi mvivu.

Kesho yake asubuhi, mchoraji alipofika kazini, alimkuta Chiriku amekwisha kukaa kwenye kiti chake, akingoja tundu la kiwikoni lizibwe.