Kapu la Simu la Nyakiriba

Nilifunga safari kwa sababu ya sauti ya dada yangu. Naomi aliolewa Rwanda tangu ujana wetu. Siku hizi ni mjane, anaishi Rugerero, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, na akinipigia simu huanza kwa kicheko. Safari hii hakucheka. Aliniambia binti yake Furaha amekonda. Furaha na wenzake wana kampuni changa inayosimika visanduku katika mashamba ya viazi. Visanduku hivyo hupima unyevu na joto, na hali ya ugonjwa ikikaribia, mashine iliyoko ofisini huwapigia wakulima simu wapulizie dawa mapema. Wakulima wa Nyakiriba walikuwa wa kwanza kuvipokea. Sasa walikuwa wanasema visanduku ni vya uongo, na Jumapili wangekutana waamue kuving'oa. Nyakiriba wakikataa, vikundi vingine vitafuata, na kazi yote ya Furaha itakwisha.

"Wale ni watu wa Sabato kama sisi," dada aliniambia. "Labda watakusikiliza wewe, mzee mwenzao."

Ndugu zangu wa kanisa hapa Kasulu nao wakaniongezea mzigo: nitazame kama vitu hivyo vinafaa kwa maharage yetu. Tukaomba, nikaondoka.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la kuelekea Ngara, nikalala Benako. Asubuhi tukafika mpakani Rusumo, ambako daraja linapita juu ya mto Akagera na maji yanaanguka kwa kishindo hata hamsikiani. Upande wa pili gari likahamia kulia mwa barabara, nami nikarudisha saa yangu nyuma, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Abiria niliyekaa naye akasema nimepewa saa ya bure. Nikamshukuru Mungu kwa saa hiyo, nikailala.

Kigali tulibadilisha basi pale Nyabugogo. Baada ya hapo ni kupanda. Barabara inazunguka vilima vilivyolimwa mpaka kileleni, baridi inaongezeka, kisha ile milima ya volkano inatokea mmoja baada ya mwingine kama watu wanaokuja kukupokea. Jioni tuliteremkia Gisenyi. Ziwa Kivu lilikuwa limetulia, na ng'ambo taa za Goma zilianza kuwaka.

Rugerero nilifikishwa kwa pikipiki. Dereva alinivisha kofia ngumu juu ya kofia yangu ya sufu, na dada yangu aliponiona langoni ndipo alipocheka. Furaha alikuja baadaye. Kweli alikuwa amekonda. Alinipigia goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, akaniuliza habari za Kasulu zote, na habari zake akazificha mpaka chakula kilipokwisha.

Alhamisi alinipeleka ofisini kwao, chumba kimoja karibu na ziwa, meza mbili na nyaya nyingi. Wanakichangia na kijana mmoja aitwaye Patrike, aliyekulia Bukavu, yeye anashughulika na samaki. Wafugaji wa samaki wameweka vizimba ziwani, na Patrike ametumbukiza humo vipimo vya hewa iliyomo majini. Hewa ikipungua, simu ya mfugaji inalia na yeye anaacha kulisha. Alinionyesha kwa fahari kizimba cha sato karibu na ufuko, huku mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikirudi na sambaza, dagaa wa kwao, na wavuvi wakiimba ili makasia yaende sawa.

"Mzee, samaki iko nafasi nzuri kuliko Furaha," Patrike alinitania. "Samaki haikatae simu."

Furaha akatabasamu kwa shida. Msimu uliopita, alinieleza, mashine iliwapigia watu wa Nyakiriba na hakuna aliyepokea. Ilijaribu mara tatu kwa kila mmoja, kama ilivyopangwa, kisha ikanyamaza. Waliamua kutumia sauti badala ya maandishi kwa sababu wakulima wengi macho yao yamechoka kama yangu. Sauti yenyewe ni ya Furaha, aliirekodi mwenyewe kwa Kinyarwanda. Ugonjwa ukaingia, ule ukungu ambao wao huuita milidiu, na viazi vikaozea shambani. Furaha alidhani ni mtandao wa milimani. Wakabadilisha laini na kuongeza mlingoti, akapiga yeye mwenyewe siku ya Jumatatu kuwajaribu, wote wakapokea. "Nimekagua kila waya, mjomba," alisema. "Kisanduku kilisema kweli. Wao wanasema hakikusema chochote. Mmoja wetu anadanganya, na mimi sipendi kufikiri ni mama Esperanse, kiongozi wa kikundi chao."

Ijumaa mchana tulipanda Nyakiriba. Udongo wa huko ni mweusi na mwepesi, mawe ya volkano yamepangwa kuwa mipaka ya mashamba, na viazi vilikuwa vimefunika matuta kwa kijani kibichi. Katikati ya shamba moja kilisimama kisanduku cheupe juu ya bomba la chuma, na kibao cha kunasa jua kama kofia.

Mama Esperanse alitupokea kwa heshima. Aliwahi kuishi Masisi, Kongo, miaka mingi kabla ya kurudi, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, ila penye "basi" yeye husema "donc", ya Kifaransa. Alinipa kiti, akampa Furaha kiti pia, lakini hakumtazama sana. Alinieleza kuwa msimu uliopita alipoteza karibu shamba zima. Mbegu iliyo ardhini sasa aliikopa kwa kaka yake, na ikipotea hii hatakuwa na mbegu nyingine ya kupanda wala uso wa kwenda kuomba.

"Mzee, mi sina chuki na huyu mutoto," alisema. "Lakini ile sanduku ilituangalia tu. Tulikuwa tunaamini itatuamsha, tukaacha kwenda kuangalia majani kila asubuhi. Donc afazali niamke mwenyewe, kama zamani."

Furaha alijibu kwa upole kwamba simu zilipigwa. Mama Esperanse naye akajibu kwa upole kwamba hazikupigwa. Wote wawili walisema kwa moyo safi, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu.

Mawingu yakaanza kushuka. Mama Esperanse akaniomba nibaki nifungue Sabato pamoja nao na kesho nifundishe somo. Nilikubali kwa furaha. Furaha akarudi mjini kabla ya mvua.

Kabla jua halijazama, majirani wa imani walikusanyika sebuleni kwa mama Esperanse, watu wazima na watoto, miguu imeshaoshwa. Mwenyeji akaleta kapu la kusuka lenye kifuniko kilichochongoka, kama yale wanayowekea zawadi za harusi. Kila mmoja akazima simu yake akaiweka ndani. Hata bibi mmoja aliyekuwa na simu ya tochi tu aliitoa kwenye kitambaa akaizima kwa kicho. Ni desturi yao tangu simu zilipofika kijijini: kapu linafunikwa, linawekwa juu ya kabati, na halifunguliwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Nilipenda sana. Nilizima yangu nikaiweka juu ya nyingine, tukaimba, na mvua ikaanza kupiga bati.

Sabato asubuhi mvua ilikuwa manyunyu. Nilikuwa katikati ya somo, kanisa limejaa, nikizungumzia shukrani, mlango ulipofunguliwa na Furaha akasimama pale na kofia ya pikipiki mkononi, sketi imejaa matope. Alitembea mpaka mbele.

"Mjomba, nimekupigia jana jioni mpaka nikaogopa umeanguka," alisema kwa sauti ya chini, lakini watu walisikia. "Mashine imepiga kwa wote. Imepiga kwa mama Esperanse. Hakuna hata mmoja aliyepokea."

"Simu zimo kapuni," nikasema.

"Kapu gani?"

Nikamweleza. Aliniuliza kama ni kila Ijumaa, na mama Esperanse, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, akajibu kwamba ni kila Ijumaa. Furaha akaketi pale pale kando yake. Mama yake huacha simu wazi siku ya Sabato kwa ajili ya watoto walio mbali, na katika kanisa lake la mjini watu huziweka mifukoni bila mlio. Desturi ya kapu hakuwahi kuiona wala kuisikia. Na watu wa Nyakiriba hawakuwahi kuitaja, kwa kuwa nani humweleza mgeni kwamba usiku anafunga mlango?

"Ile ya msimu uliopita pia ilikuwa Ijumaa jioni," Furaha alisema taratibu.

Mama Esperanse alimgeukia, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Donc ilipiga?"

"Ilipiga, mama. Mara tatu."

"Yee, Mana," mama Esperanse akamwita Mungu kwa Kinyarwanda. "Na sisi tulikuwa tunaimba."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasimama akasema twende tukachukue mabomba ya dawa sasa hivi, maana Bwana mwenyewe aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia shimoni hatamtoa siku ya Sabato. Mwingine akasema ukianza na viazi utaishia na soko. Niliona mikono ya mama Esperanse imeshikana magotini, nikajua anaona shamba lake la msimu uliopita. Kisha akaniomba mimi mgeni niseme.

Sikutaka kuwaamulia watu mambo ya dhamiri zao. Nikamgeukia Furaha nikamuuliza: ng'ombe ametumbukia?

Alifikiri kwanza, kama mtu anayejua uzito wa jibu. "Bado, mjomba. Yuko ukingoni. Dawa ikiingia kabla ya kesho adhuhuri, hatumbukii. Ila mvua iwe imekatika."

"Basi mimi nitakaa," nikasema. "Angekuwa ameshatumbukia, ningebeba bomba mgongoni leo leo, na dada yangu akinisema, na aniseme. Lakini huyu mtoto ametuletea habari kabla ya shimo. Tumepewa muda. Tuutumie kushukuru."

Mama Esperanse akatikisa kichwa kukubali. Yule mzee wa ng'ombe akaketi, akasema nisije nikasahau kuomba habari ya mvua. Watu wakacheka kidogo, somo likaendelea. Furaha alibaki mpaka mwisho. Baadaye nilimtania kwamba mashine yake imefanya kazi siku ya Sabato. "Haijabatizwa, mjomba," akanijibu, na nikaona uso wa utoto wake umerudi.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Tulikaa barazani tukisikiliza bati. Mvua ikipungua, mama Esperanse ananyamaza asikilize. Ikirudi, anaendelea na mazungumzo kana kwamba hakunyamaza. Jua lilipozama tuliomba, kapu likafunguliwa, simu zikawashwa moja moja, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jumapili nilipoamka, kitu cha kwanza nilichosikia ni ukimya. Nje kulikuwa na ukungu mweupe na majani yalikuwa yakidondosha matone. Tukangoja kidogo yakauke. Watu wote wa kikundi walikuja na mabomba mgongoni, kama wanavyokuja kwenye umuganda, ile kazi yao ya pamoja, wakaanza na shamba la mama Esperanse kwa sababu ndilo lililoko bondeni. Furaha alibeba maji. Mimi nilipewa kazi ya kuchanganya dawa kwa kijiti kirefu, nikafungwa kitambaa puani. Adhuhuri ilipofika matuta ya wote yalikuwa yamemalizika. Mkutano wa kuamua kuhusu visanduku ulifanyika pale pale pembeni mwa shamba, watu wamekaa juu ya mawe, na haukuchukua muda.

"Visanduku vibaki," mama Esperanse alisema, "na kapu libaki." Kisha akamwambia Furaha, "Sasa we fanya akili yako."

Siku zilizofuata Furaha alikaa ofisini na wenzake. Walipanga kwamba siku ya Ijumaa mashine ipige hesabu mapema na kupiga simu kabla kapu halijafunikwa. Hatari ikija baada ya hapo, itampigia jirani Mkatoliki ambaye shamba lake linapakana na la mama Esperanse, naye atakuja kugonga mlango. Jirani huyo hakuwa kwenye kikundi. Alhamisi, nilipopanda kuaga, niliona shamba lake limeanza mabaka meusi kwenye majani, na la mama Esperanse ng'ambo ya mawe likiwa kijani. Sikusikia neno la majivuno. Mama Esperanse alikuwa ndani ya shamba la jirani, ameinama, anamsaidia kukata mashina yaliyougua kabla hayajaambukiza mengine.

Ijumaa asubuhi dada yangu alinisindikiza mpaka kituo cha basi Gisenyi, anacheka tena. Sabato ile niliipumzikia Kigali kwa ndugu wa imani, kisha nikaendelea kwa njia niliyojia. Rusumo nilirudisha ile saa niliyokopeshwa.

Ndugu zangu wa Kasulu waliniuliza nimejifunza nini. Niliwaambia kwamba visanduku vinafaa, tuvitafute. Nikawaambia pia kwamba kule Nyakiriba mashine iliponyamaza, watu walidhani ni salama, na watu waliponyamaza, mashine ilidhani wamekataa. Ilibidi mtu apande pikipiki kwenye matope aje kuuliza. Yeyote atakayetuletea kitu hicho hapa, tumweleze kwanza jinsi tunavyoishi, hata yale tunayodhani yanajulikana.

Na kapu nimelichukua. Mke wangu alilitafuta sokoni, la kwetu halina kifuniko kilichochongoka lakini linatosha. Ijumaa ya kwanza tulipokusanyika, jua likiwa limebaki kidogo, nilikuwa nanyoosha mkono kuweka simu yangu ndani ikaita. Ilikuwa namba ya Rwanda. Nikapokea, nikaiweka wote wasikie. Ilikuwa sauti ya Furaha, lakini si Furaha mwenyewe, maana nilimsalimia na haikuitikia. Ilikuwa mashine, imefundishwa Kiswahili kwa ajili yangu.

"Leo hakuna hatari Nyakiriba," ilisema. "Tunapiga kila Ijumaa, hata kama hakuna hatari, ili mjue tuko. Sasa mnaweza kufunika kapu."

Tukalifunika.