Turubai la kambini limembakiza Neema darasani

Neema wangu harudishwi darasa la chini!

Habari zenu jamani. Ndio nafika nyumbani kutoka shuleni Gasorwe, huku kwetu Burundi, miguu yote inauma.

Mwalimu alikuwa ameshaniambia, "Mama, Kifaransa bado hajui. Ashuke." Mbele yangu akauliza darasa: sauti ni nini?

Wenzake wakasema ni kitu cha masikio. Neema, mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akajibu kwa Kiswahili: "Ni kutetemeka. Jirani akifungua redio, nilikuwa nashika turubai la nyumba yetu, nasikia kwa mkono."

Wakamcheka! Mi nikainamisha kichwa.

Mwalimu akawaambia washike koo, waseme "aaa". Wakasikia koo linatetemeka mkononi, kicheko kikaisha.

"Bon, haya, abaki," mwalimu akaniambia.

Nimechoka mie, lakini mnaona nilichozaa?

Jumapili baada ya misa, wote kwangu.