Ralonji chini ya Mama

Kwetu Mutakura, ngurumo ya kwanza ilikuwa haijamaliza kuvuka ziwa kutoka milima ya Congo, na Mama ameshafika ukutani. Tulikuwa na ralonji moja, ule waya mrefu wenye matundu manne, na televisheni, friji na simu zetu zote zilitegemea huo. Mama aliuchomoa, akaukunja, akauweka kwenye kiti chake na kuukalia. Hata umeme ulipokatika wenyewe, aliuchomoa vilevile. Mimi nilinuna kila mara, kwa sababu mvua yetu ilipenda saa za mpira.

Jioni moja umeme ulikatika, Mama akazima na swichi ya taa, tukakaa hivyo na mshumaa, mapazia yameshushwa. Baba akaanza kusimulia siku aliyotumbukia mtaroni akiwa njiani kwenda kumposa Mama, na Mama akawa anamsahihisha kila hatua. Tulicheka mpaka nikasahau mechi. Mara jirani yetu akabisha hodi, amekuja kurudisha sufuria.

"Mbona mumekaa mu giza?" akauliza. "Umeme umerudi zamani."

Sote tulimgeukia Mama. Hakuinuka kwenye kiti.

"Mi najua," akamjibu. "Lakini radi bado iko."

Nyuma ya jirani, mbingu ilikuwa imejaa nyota. Baba alizitazama kidogo, akapokea sufuria, akashukuru, akafunga mlango. Kisha akarudi kukaa karibu na Mama, akatumbukia tena mtaroni.