Salamu Zilizomaliza Betri

Enzi zetu pale Barani, mtoto alivunjika mguu kwa zamu, kila Jumamosi asubuhi. Ami Swaleh, ndugu yake baba, alikuwa na leseni ya kuongea hewani na redio yake mwenyewe, iliyotumia betri ya gari. Jumamosi alifanya mazoezi ya dharura na rafiki yake Mwalimu Kahindi, mwenye redio kama hiyo kule Mambrui. Watoto ndio tuliokuwa majeruhi, kwa ujira wa kipande cha halua. Mimi nilikuwa hodari wa kulia, basi nilivunjika mara nyingi kuliko binamu zangu wote.

Tatizo lilikuwa adabu. Watu wawili wa pwani hawaelezani maafa kabla ya kujuliana hali. Ami aliuliza habari za tokea juzi, Mwalimu akamuulizia mama, ami akaulizia mbuzi, nami nimelala mkekani nimefungwa kanga gotini, mpaka mguu wa uongo ukaanza kuuma kweli. Siku moja betri ilikufa wakiwa wangali kwenye mbuzi. Nyanya alicheka akashika ukuta.

"Swaleh," alisema, "mgonjwa wako keshazikwa na kusomewa hitima."

Ami aliona haya, akaweka sheria: kwanza mahali, kisha shida, kisha msaada unaotakiwa. Salamu baadaye. Aliyeteleza akasalimia, alianza upya. Sisi watundu tukawa tunapita dirishani na kumwamkia shikamoo. Akiitika marahaba hewani tu, tunatoka mbio tukicheka.

Masika moja mto Sabaki ulifurika, barabara ya Mambrui ikakatika na nyaya za simu zikaanguka. Shangazi Zuhura alikuwa huko, na uchungu wa kuzaa wa siku mbili. Jumanne adhuhuri redio ikakoroma.

"Mambrui. Mzazi anavuja damu. Gari la hospitali lije darajani, tunambeba."

Mwalimu hakusema hata jina lake. Ami alitoka bila viatu, mbio hospitali. Nililia, safari hii bila kuombwa.

Gari liliwahi. Mtoto yule ndiye Athumani, leo mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili. Mamake humpigia ajue tu kama amefika salama. Hapokei, yuko bize. Jioni humtumia picha ya kidole gumba. Shangazi, macho yamekwisha, hunipa simu niitazame.

"Hebu nieleze mwanangu, hiki kidole kinasema mzima au mgonjwa?"

Namwambia mzima, wala sijui.