Nilimaliza peke yangu mchezo tuliouanza kwenye fungate

Ficheni jina langu, maana mume wangu naye anafuata ukurasa huu, na asubuhi anapenda kunisomea visa vya watu huku mimi nikikoroga chai. Hiki nacho huenda akanisomea.

Nina miaka ishirini na mbili, nilimaliza sekondari, na nina miezi mitatu tu katika ndoa hapa Kasongo. Jamani, nimeolewa vizuri! Mume wangu anapeleka sabuni, chumvi na vitenge Kabambare kwa pikipiki, na kila akirudi, hata awe ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, huniita kabla hajazima pikipiki. Nikisikia sauti ile naacha sufuria motoni nakimbia. Wali umeungua mara nyingi, wala hajawahi kulalamika.

Lakini nimemkosea, na kuna mtu mwingine nimemkosea zaidi yake.

Kwetu bibi harusi hukaa ndani siku saba. Tulikuwa hatujazoeana, kila mmoja anatazama mkeka. Siku ya pili akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akasema, "Bibi yangu, huu mchezo ulinishinda, niliuacha miaka miwili. Tujaribu wawili?" Ni mchezo wa mtu mdogo anayepanda mlima na mtungi wa maji kichwani. Kuna etape, yaani hatua, kumi na mbili. Maji yakimwagika, unarudi mwanzo wa etape. Tukawa tunapokezana simu, zamu yake, zamu yangu. Siku ya nne nilikuwa tayari namcheka: "Wewe unabebaka mizigo mpaka Kabambare, mutungi moja inakushinda?" Naye: "Ngoja zamu yako, mama, utalia." Mapenzi yetu yalianzia hapo, sioni haya kusema.

Etape ya kumi na moja ni daraja la kamba lenye upepo. Ilitukatalia kabisa. Mimi nilikasirika, nikataka tung'ang'anie tu. Yeye alizima simu, akaniambia, "Mchezo haina miguu, haitakimbia. Tutairudilia." Tukaahidiana kwamba tutavuka pamoja.

Mwezi uliopita alikwenda Kabambare, mvua ikaharibu njia, akakaa siku tisa. Simu ile aliniachia. Nilimkumbuka sana, nikafungua mchezo ili tu niguse kitu chetu. Nikafanya kama afanyavyo yeye, sikukimbia. Nilisimama katikati ya daraja nikangoja upepo upite wenyewe. Nikavuka! Nilipaswa kuacha pale pale, sikuacha. Mwisho kabisa mtu yule anafika, bibi kizee anafungua mlango, anapokea mtungi, anakunywa. Nilipiga kelele ya furaha, nikageuka kumtafuta mume wangu, nikamwona wifi yangu mlangoni, amekuja kuazima simu ampigie mchumba wake.

"Kumbe umemaliza!" akacheka. "Yaya atafurahi." Ndivyo anavyomwita kaka yake.

Nikampa simu, akapiga, akairudisha. Alipoondoka ndipo nilipokumbuka ahadi. Nikabonyeza kuanza upya, kila kitu kikafutika. Nilifikiri mume wangu atalaumu simu.

Aliporudi, hata hajaoga, akafungua mchezo. "Sheri wangu, etape yetu iko wapi?"

Nikajibu, "Dada yako alishika telefone."

Ni kweli aliishika. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli ule.

Akamwita dada yake uani. "Vitu vya watu unagusa-gusa nini? Unajua hii ilikuwa nini kwetu?" Wifi akanitazama. Nikainamia mchele niliokuwa napepeta. Akamgeukia kaka yake, akasema, "Pengine niligusa, yaya. Munisamehe."

Tangu siku hiyo haji tena kunisuka. Tukikutana kisimani ananisalimu vizuri, "Wifi, habari ya nyumba?" Afadhali angenitukana.

Mume wangu hakununa. Alisema, "Haina neno, tunaanza mupya." Tumeanza. Zamu yangu ikifika namwaga maji kwa makusudi, asijue kwamba nimeshavuka, naye ananishika kidole, "Polepole, mama, polepole," na nampenda mpaka nataka kulia. Jana tumefika tena darajani. Akazima simu kama kawaida yake, akasema, "Siku tutavuka, tutaita dada aone, ile maneno iishe." Na wifi anaolewa Kabambare baada ya wiki mbili. Ataondoka nyumbani kwao akiwa amebeba kosa langu, na hajamwambia mtu.

Ninyi mliotangulia kwenye ndoa, nielekezeni. Nianze kwa wifi, nimpigie magoti kabla hajapanda pikipiki ya harusi? Au nimwambie kwanza mume wangu, na furaha yetu hii changa ivunjike ikivunjika? Na kama asubuhi atanisomea kisa hiki, akifika hapa, niendelee kukoroga chai?